Sili mpya zote, bumu la kreni bado linashuka lenyewe. Kosa liko wapi?

#1 Kreni_Ndefu
Wakuu salaam. Naleta kesi inayotugawanya kazini.

Ni kreni ya matairi yenye bumu (mkono wa kunyanyulia) la kurefuka. Silinda ya kunyanyulia bumu ina pipa la mm 200 kwa ndani na fimbo ya mm 140. Ilikuwa inashuka taratibu mzigo ukiwa hewani, tukaifumua. Sili za pistoni na sili za fimbo (zinazozuia mafuta yasipite), waipa (ya kufuta uchafu kwenye fimbo), oringi (pete za mpira), ringi za kuongozea, vyote tumeweka vipya. Pipa halina mkwaruzo unaonasa ukucha. Fimbo imenyooka, kromu safi.

Tumeirudisha, na bumu linashuka vilevile: fimbo inaingia mm 20 kwa nusu saa ya kwanza ikiwa na mzigo wa majaribio. Nje hakuna hata tone. Msimamizi anataka tuifumue tena. Mimi nashikilia kwamba tatizo haliko kwenye sili. Leteni hoja, si kura.

#2 MzeeSpana
Usifumue. Angalia ile valvu ya kushikilia mzigo iliyofungwa kwenye mdomo wa silinda. Mzigo unasimama juu ya valvu ile, ndiyo inayoyazuia mafuta yasirudi. Chembe moja ikikaa kwenye kiti chake (pale valvu inapokaa ikifunga), bumu linashuka usiku kucha na nje pakavu kabisa. Watu wanakimbilia sili kwa sababu ndizo wanazozijua.

#3 Presha_Juu
Namuunga mkono Mzee ila niongeze hesabu, maana hapa wengi hudhani sili ya pistoni ikipitisha, fimbo inaporomoka tu.

Tuseme uzito unaokalia silinda ni tani 50, yaani kN 490 hivi. Eneo la pistoni kwa mm 200 ni sm² 314, kwa hiyo presha ya chini ya pistoni ni kama bar 156. Sasa ziba milango yote miwili ya silinda halafu itoe sili ya pistoni kabisa. Mafuta yatahama kutoka chini kwenda upande wa fimbo. Lakini fimbo yenyewe ikiingia inahitaji nafasi ndani, na nafasi haipo, mafuta yamejaa. Presha inalingana pande zote mbili mpaka uzito wote ubebwe na eneo la fimbo peke yake: sm² 154. Hiyo ni karibu bar 318. Fimbo inazama kidogo, kiasi mafuta yanavyobanika, halafu inasimama.

Kwa hiyo silinda iliyozibwa pande zote haiporomoki kwa sababu ya sili ya pistoni. Ikiporomoka, mafuta yametoka nje ya silinda kupitia mahali fulani. Mahali hapo ni valvu.

#4 Mwanafunzi_wa_Mitambo
Mkuu #3 hii sijawahi kufundishwa. Yaani pistoni bila sili bado inabeba?

#5 Presha_Juu
Inabeba kama milango imezibwa na sili ya fimbo inavumilia ile presha mpya. Usijaribu kwenye mtambo. Soma hesabu tu.

#6 BintiHoni
Hesabu ya #3 ni sahihi, ila sharti lake ndilo linalohitaji kuangaliwa: "ziba milango yote miwili". Kwenye kreni nyingi valvu ya kushikilia iko upande mmoja tu, ule wa chini ya pistoni. Upande wa fimbo unakwenda moja kwa moja kwenye valvu kuu (ile anayoiendesha dereva), na kuna mitambo ambayo spuli ya valvu kuu (chuma kinachoteleza ndani yake kufungua na kufunga njia za mafuta) ikiwa katikati, upande huo uko wazi kuelekea tangi. Imeundwa hivyo kwa makusudi, ili presha isibaki kwenye njia inayoamrisha valvu ya kushikilia.

Hapo sili ya pistoni ikipitisha, mafuta yanapanda juu ya pistoni na kwenda zake tangini. Bumu linashuka mpaka litue, na valvu ya kushikilia ni nzima kabisa.

Kreni_Ndefu, spuli yako ya aina gani? Na sili ya pistoni ni ya umbo la U, au ni pete ya PTFE (plastiki inayoteleza) yenye oringi chini yake? Hizi mbili hazishikilii mzigo sawa. Pete ya PTFE inateleza vizuri na inadumu, lakini kushikilia mzigo uliosimama bila kupitisha hata kidogo si kazi yake bora.

#7 Kreni_Ndefu
Shukrani dada. Spuli inafunga milango ikiwa katikati, nimehakiki kwenye mchoro wa mtambo. Sili ya pistoni ni ile ya vipande vingi: mpira katikati, pete ngumu pembeni, na ringi za kuongozea kila upande.

#8 Jeki_Kimya
Hakuna aliyetaja joto. Mafuta ya haidroliki yanasinyaa kama asilimia 0.07 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi yanapopoa. Silinda ikiwa na mafuta ya urefu wa mita 1.5 chini ya pistoni, kupoa nyuzi 10 tu ni mm 10 za fimbo. Hakuna sili iliyovuja wala valvu iliyoharibika. Watengenezaji wa kreni wanaandika jambo hili kwenye vitabu vyao: bumu lililoachwa na mafuta ya moto litashuka na kurudi ndani kadiri mafuta yanavyopoa.

Ulipima mara tu baada ya kufanya kazi?

#9 Mkereza
Jeki_Kimya, kwa hesabu yako mm 20 zinahitaji mafuta yapoe karibu nyuzi 20 ndani ya nusu saa. Pipa la mm 200 lenye mafuta zaidi ya lita 40 halipoi hivyo kirahisi. Nakubali nyuzi 3 au 5. Zilizobaki zinatoka kwingine.

Mimi swali langu ni pipa. "Halinasi ukucha" si kipimo. Pipa linaweza kuwa laini kama kioo na bado limetanuka katikati, pale pistoni inaposhinda ikifanya kazi. Chukua geji ya kipenyo cha ndani, pima kila sm 20 kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila mahali pima mara mbili kwa kukatiza. Ukikuta katikati pana kuliko miisho, sili mpya itashika ncha zote mbili na kupitisha katikati. Ndiyo maana wanaojaribu silinda ikiwa imetoka hadi mwisho huambiwa "nzima", na kazini inashuka.

#10 MzeeSpana
Mkereza wewe kila ugonjwa dawa yake leithi 😄

#11 Mkereza
Na wewe Mzee kila ugonjwa dawa yake valvu. Angalau mimi nina geji.

#12 Oringi
Mbona hamjauliza oringi ya ndani ya pistoni? Pistoni inavaa juu ya fimbo na kufungwa kwa nati. Kati ya pistoni na fimbo kuna oringi moja isiyosogea, na ikikatwa na nyuzi za fimbo (pale nati inapojifungia) wakati wa kuingiza, mafuta yanapita katikati ya pistoni, si pembeni. Sili za nje zinaweza kuwa bora duniani na silinda ikapitisha.

Kreni_Ndefu, mlifunika nyuzi kwa kitu laini kabla ya kupitisha oringi?

#13 Kreni_Ndefu
Ndiyo, kwa bomba jembamba la plastiki, na mafuta. Nati imekazwa kwa spana ya kipimo kulingana na kitabu.

#14 Fundi_Mdogo
Njia rahisi: ifungue tena, iweke mezani, ipulize kwa hewa ya kompresa upande mmoja usikilize inakovujia. Dakika mbili.

#15 BintiHoni
Fundi_Mdogo tafadhali usifanye hivyo, na yeyote anayesoma asifanye. Hewa ikibanwa inahifadhi nguvu nyingi kuliko mafuta. Mafuta yakitoka kidogo presha inaanguka papo hapo, hewa haiko hivyo: inaendelea kutanuka na kusukuma. Glendi (kifuniko cha silinda ambamo fimbo inapita) isiyokazwa vizuri, au fimbo inayochomoka kwa hewa, inatoka kama risasi. Na bar 7 za kompresa hazikuambii chochote kuhusu sili inayofanya kazi kwenye bar 156. Zipo sili zinazovuja kwenye presha ndogo na kushika kwenye kubwa, na kinyume chake.

Tena kuna hewa iliyobaki ndani baada ya kufunga. Silinda mpya ikisukumwa kwa kasi na presha ya juu kabla ya kutoa hewa, mchanganyiko wa hewa na mvuke wa mafuta unaweza kuwaka wenyewe mle ndani, kama unavyowaka kwenye injini ya dizeli. Ukifungua unakuta midomo ya sili imeungua, nyeusi, imekatikakatika, na watu wanalaumu duka la sili. Baada ya ukarabati ipeleke polepole mwendo wote, bila mzigo, kwenda na kurudi, mpaka iache kutetemeka.

#16 Presha_Juu
Na mkono usitumike kutafuta uvujaji. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo yanaweza kupenya ngozi kwa presha isiyofikia hata bar 10. Jeraha linaonekana kama umechomwa na sindano, haliumi sana mwanzoni, na mtu anaendelea na kazi. Hiyo ni dharura ya upasuaji, saa zinahesabika. Tumia kipande cha kadibodi, simama mbali.

#17 Mwanafunzi_wa_Mitambo
Naomba nitoke nje ya mada kidogo. Zamani kabla ya mpira walizibaje?

#18 Oringi
Ngozi. Joseph Bramah alipata hataza ya mashine ya kukandamiza kwa maji Uingereza mwaka 1795, na kilichomsumbua ni hikihiki, kuzuia maji yasipite pembeni ya pistoni. Henry Maudslay, aliyekuwa fundi wake, ndiye anayetajwa kwa suluhisho la kola ya ngozi ambayo presha yenyewe inaifungua midomo na kuibana ukutani. Sili ya umbo la U unayoifunga leo inafanya kazi kwa wazo hilohilo: presha ikiongezeka, inajibana zaidi. Ndiyo maana mdomo wake lazima utazame upande wa presha. Ukiigeuza, presha inaikunja na kupita.

Oringi ya mpira kama tunavyoijua ilikuja baadaye sana. Niels Christensen, mzaliwa wa Denmark aliyekuwa Marekani, aliomba hataza yake mwaka 1937.

#19 Jeki_Kimya
Turudi. Kreni_Ndefu, usitupe kipimo kimoja. Tupe mfululizo. Mafuta yanayopoa yanashusha fimbo haraka mwanzoni kisha polepole, kisha inasimama. Valvu inayovuja inashusha kwa mwendo uleule, maana mzigo ni uleule. Umbo la mteremko litasema.

#20 Kreni_Ndefu
Tumepima upya, mzigo uleule, watu wote wakiwa mbali na bumu. Kila nusu saa: mm 20, 12, 7, 4. Joto la nje la pipa lilianza nyuzi 58, mwisho wa saa mbili lilikuwa 44.

#21 Jeki_Kimya
Unaona! Inapungua kila nusu saa. Ni joto.

#22 Presha_Juu
Pole pole. Jumla ni mm 43. Pipa limepoa nyuzi 14. Mafuta yako chini ya pistoni yana urefu gani?

#23 Kreni_Ndefu
Kwa pembe ile, kama mita 1.4.

#24 Presha_Juu
Basi 1,400 mara 0.0007 mara 14 ni kama mm 14. Joto linaeleza thuluthi moja, tena tukiamini mafuta ya ndani yamepoa sawa na ngozi ya pipa, jambo ambalo silitarajii. Zinabaki karibu mm 30.

Na mteremko unaopungua si ushahidi wa joto peke yake. Rudi #3: spuli inafunga milango, kwa hiyo upande wa fimbo umezibwa. Pistoni ikipitisha, presha ya juu ya pistoni inapanda, tofauti ya presha kati ya pande mbili inapungua, na mwendo unapungua mpaka zilingane. Mchoro wake ni uleule.

Kuna kipimo kimoja kitakachotenganisha haya. Funga geji ya presha kwenye mlango wa upande wa fimbo, bumu likiwa limelala kwenye kilalio chake wakati wa kufunga. Fimbo ikiingia, nafasi ya upande wake inaongezeka, kwa hiyo kama hakuna kinachoingia presha pale itakuwa sifuri. Ikipanda, kuna mafuta yanaingia.

#25 MzeeSpana
Hapo sawa. Geji kwanza, spana baadaye.

#26 Kreni_Ndefu
Tumefunga geji. Ilianza sifuri, ikapanda taratibu mpaka bar 18 hivi, ikakaa hapohapo. Haikupanda tena, na bumu likaendelea kushuka kidogo kidogo.

#27 Mkereza
Mafuta yanaingia upande wa fimbo. Yatatoka wapi kama si kupitia pistoni? Nimemaliza. Leteni pipa lipimwe.

#28 BintiHoni
Ngoja Mkereza, hiyo bar 18 inanivutia kwa sababu imesimama. Kama pistoni inapitisha na milango imezibwa, kwa nini isiende mia na zaidi?

Valvu ya kushikilia haifunguki kwa presha ya mzigo peke yake. Inafunguliwa pia na presha ya upande wa fimbo kupitia njia ndogo ya kuamrisha. Kwa kawaida hupangwa ifunguke kwenye kama mara 1.3 ya presha kubwa ya mzigo. Tuseme imepangwa bar 210 na mzigo ni 156. Tofauti ni 54. Kama uwiano wa kuamrisha ni 3 kwa 1, yaani kila bar 1 ya upande wa fimbo inafanya kazi ya bar 3, bar 18 upande wa fimbo zinatosha kuanza kuifungua.

Yaani sili inapitisha kidogo sana, upande wa fimbo unafika 18, valvu nzima kabisa inafunguka uzi mwembamba kwa sababu imeamriwa ifunguke, mzigo unashuka. Ukiibadilisha valvu, mpya nayo itatii amri ileile.

#29 Kreni_Ndefu
Sahani ya valvu inasema uwiano 3:1. Mpangilio sijui, haujaandikwa.

#30 MzeeSpana
BintiHoni umeeleza vizuri sana, lakini mafuta yakipita kwenye valvu yanakwenda wapi? Amesema spuli inafunga milango.

#31 BintiHoni
Spuli haina sili, Mzee. Ni chuma ndani ya chuma, na uwazi wa maikroni chache. Ikichakaa inapitisha kuelekea tangi, na hiyo peke yake inatosha kwa milimita chache za nusu saa.

#32 Spuli_Kuu
Nimesoma uzi wote nikisubiri mtu aulize: injini ilikuwa inawaka wakati wa kipimo?

#33 Kreni_Ndefu
Ndiyo, ilikuwa inawaka taratibu.

#34 Spuli_Kuu
Basi pistoni inaweza kuwa haina kosa lolote. Pampu inazunguka, na kwenye njia yake daima kuna presha kidogo ya kusubiri. Spuli iliyochakaa inapitisha kutoka njia ya pampu kwenda upande wa fimbo, geji inapanda, valvu inaamriwa, bumu linashuka. Hadithi yote ya #28 inasimama bila sili yoyote kuvuja. Zima injini, rudia.

#35 Presha_Juu
Hii sikuifikiria. Nilisema presha ikipanda kuna mafuta yanaingia, ila njia ni mbili, si moja. Safi sana.

#36 Kreni_Ndefu
Tumerudia, injini imezimwa, pipa limeanza na nyuzi 51. Geji imefika bar 6 tu kwa saa nzima. Fimbo imeingia mm 9 nusu saa ya kwanza, mm 5 ya pili.

#37 Spuli_Kuu
Imepungua zaidi ya nusu. Ni spuli.

#38 Mkereza
Imepungua, haijakoma. Na bar 6 hizo zimetoka wapi na pampu imelala? Pistoni inapitisha.

#39 Jeki_Kimya
Na sehemu ya hizo mm 14 ni joto, pipa lilianza na moto mdogo safari hii.

#40 MzeeSpana
Na bar 6 haziwezi kufungua valvu ya 3:1 kwa hesabu yenu wenyewe, bar 18 tu zimegusa 54. Kwa hiyo bumu limeshuka valvu ikiwa imefungwa. Valvu iliyofungwa ikipitisha ni chafu. Nimesema tangu #2.

#41 Mkereza
Au mpangilio wake si 210. Mwenye mtambo amesema haujui.

#42 Oringi
Kabla ya lolote, mafuta yenyewe yakoje? Kama chujio halikubadilishwa wakati silinda inafumuliwa, uchafu uliokula sili za zamani bado unazunguka. Jicho halioni chembe chini ya maikroni 40 hivi, na uwazi wa spuli ni mdogo kuliko hapo. Mafuta "yanayong'aa" yanaweza kuwa msasa.

#43 Kreni_Ndefu
Chujio la kurudi limebadilishwa, mafuta hayajapimwa. Nitachukua sampuli.

Uamuzi wa leo: naanza na valvu ya kushikilia kwa sababu inafunguka bila kushusha silinda. Nitaiosha, nitaangalia kiti chake kwa kioo cha kukuza na oringi zake za nje, maana nazo zinaweza kupitisha pembeni ya mwili wa valvu. Msimamizi amekubali kusubiri.

#44 Presha_Juu
Bumu lilale kwenye kilalio chake kwanza, si kwenye kamba wala kwenye jeki. Hakikisha presha ya chini ya pistoni imefika sifuri kwa geji, si kwa kudhani, kabla ya kulegeza hata bolti moja. Valvu hiyo ndiyo kitu pekee kati ya mzigo na ardhi.

#45 MzeeSpana
Na usiguse skrubu ya mpangilio. Weka alama tu ulivyoikuta.

#46 Mwanafunzi_wa_Mitambo
Na kama ikioshwa na bado inashuka?

#47 Spuli_Kuu
Aje kwangu, kwenye valvu kuu.

#48 Mkereza
Pipa bado halijapimwa.